MAHINDI, MGENI ALIYEKUJA BILA UKOO WAKE

Mtu akitaka kujua historia ya chakula cha nchi fulani, na asikilize majina yanayotumika katika nchi hiyo. Hapa Nyeri, na katika nchi yote ya Wakikuyu iliyo chini ya Mlima Kenya, mvua kubwa inayoanza mwezi wa Machi huitwa mvua ya njahi, na mvua ndogo inayoanza mwezi wa Oktoba huitwa mvua ya mwere. Njahi ni zile kunde nyeusi ambazo watu wa pwani huziita fiwi, na mwere ni mawele. Hapana mvua iitwayo mvua ya mahindi. Ijapokuwa leo mahindi ndiyo yanayojaza magunia katika soko la Karatina, na githeri isiyo na mahindi si githeri, wazee hawakuyapa msimu. Sababu yake ni nyepesi: misimu ilikwisha kupewa majina kabla ya mahindi kufika. Mwenye nyumba aliita majina, na mgeni aliyakuta.

Jina la Kiswahili nalo latuambia habari iyo hiyo. Muhindi ni mmea uliodhaniwa kuwa umetoka India. Waitaliani waliyaita mahindi nafaka ya Waturuki, na Wafaransa vivyo hivyo walisema ni ngano ya Uturuki. Kila taifa lilijua kwamba mahindi si yake, nalo likakisia kwamba yametoka kwa jirani wa mbali. Wote walikosea.

Katika makala haya nataka kuwaeleza wasomaji mambo matatu: mahindi yalitoka wapi na mzazi wake ni nani, yalifikaje katika mashamba yetu, na kwa nini mtu mwenye ekari moja huko Mathira, Tetu, Kerugoya au Chuka apaswe kuwajali jamaa za mahindi walio ng'ambo ya bahari. Hilo la tatu ndilo kubwa, maana linahusu chakula cha watoto wetu.

NYASI YA MEXICO

Kadiri ya miaka 9,000 iliyopita, katika bonde la mto Balsas, kusini-magharibi ya nchi ya Mexico, watu waliokuwa wakiishi kwa kuwinda na kuchuma matunda ya porini walianza kupanda nyasi moja iitwayo teosinte. Ukiiona nyasi hiyo hutadhani hata kidogo kwamba ni mzazi wa mahindi. Haina bua moja lililonyoka, bali ina matawi mengi tangu chini. Suke lake ni dogo kama kidole, lina punje 5 hadi 12 tu, na kila punje imefungwa ndani ya kasha gumu kama kijiwe. Tena suke hilo likikomaa huvunjika lenyewe, na punje zikatawanyika chini kama mbegu za magugu.

Kwa miaka mingi wataalamu walibishana juu ya jambo hili. Paul Mangelsdorf wa Marekani alisema kwamba mzazi wa mahindi ni mahindi ya porini yaliyokwisha kutoweka duniani. George Beadle, naye Mmarekani, alisema tangu miaka ya 1930 kwamba mzazi ni teosinte, wala hapana haja ya kumtafuta mwingine. Beadle alikwenda kufanya kazi nyingine, akapata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1958, kisha alipostaafu akalirudia swali lake la ujana. Alizalisha mahindi na teosinte pamoja, akapanda wajukuu wao kadiri ya 50,000, akatazama mmoja mmoja. Aliona kwamba katika kila mimea 500 hivi, mmoja ulifanana kabisa na mahindi na mmoja ulifanana kabisa na teosinte. Hesabu hiyo ilimwonyesha kwamba tofauti kubwa baina ya nyasi na mahindi hutokana na chembe za urithi chache sana, labda nne au tano. Chembe hizo wataalamu wa siku hizi huziita jeni.

Wataalamu waliomfuata wamemthibitisha. Mwaka wa 2002 wenzi wa John Doebley walipima jeni za mahindi na za teosinte za sehemu nyingi, wakaona kwamba mahindi yote ya dunia yana asili moja, na jamaa zake wa karibu ni teosinte za bonde la Balsas. Mwaka wa 2009 ikatangazwa kwamba katika pango la Xihuatoxtla, jimbo la Guerrero, katika bonde lilo hilo, mabaki madogo ya mahindi yameonekana juu ya mawe ya kusagia, nayo yana umri wa miaka 8,700.

MKONO ULIOIGEUZA NYASI

Ni nani basi aliyeigeuza nyasi ikawa mahindi? Hakuwa mfalme, wala hakuwa mtaalamu mwenye maabara. Ni wanaume na wanawake wa kawaida, ambao majina yao hayajulikani. Siku moja mtu aliona mmea ambao punje zake zimechungulia nje ya kasha, akauwekea alama. Mwingine aliona suke lisilovunjika, akalitunza. Kila mwaka walikula yaliyo mabaya na kupanda yaliyo mazuri, na mwana akarithi kazi kutoka kwa mama yake. Kwa muda wa maelfu ya miaka lile suke la punje kumi likawa suke la punje mia tano na zaidi.

Lakini kila faida ina gharama yake. Gharama ya kwanza ni kwamba mahindi yalipoteza uhuru. Suke la mahindi likianguka lenyewe shambani, punje zake zote huota mahali pamoja, zikasongana na kufa. Mtu asipoyapukusa na kuyapanda, mahindi yatakwisha duniani kwa muda wa miaka michache. Hapana mahindi ya porini mahali popote.

Gharama ya pili haionekani kwa macho. Watu walipochagua mimea michache ya kupanda, waliiacha mingi nyuma, na pamoja na hiyo mingi waliacha jeni nyingi. Mfano wake ni nyumba moja inayohama kutoka katika ukoo mkubwa kwenda nchi ya mbali. Huchukua majina machache ya ukoo, na majina mengine hubaki kwa wale waliobaki. Huenda katika yale yaliyobaki mlikuwa na nguvu ya kushinda ugonjwa fulani ambao haujatokea bado.

Baadaye mahindi yalipopanda nyanda za juu za Mexico, penye baridi, yalikutana na jamaa mwingine, teosinte wa milimani. Upepo ulichanganya chavua yao, na mahindi yakapokea kwa huyo jeni zilizoyasaidia kukaa mahali pa baridi. Utafiti uliotangazwa mwaka wa 2023 ulionyesha kwamba karibu mahindi yote ya siku hizi yana sehemu ya urithi kutoka kwa jamaa huyo wa milimani. Kwa hiyo hata baada ya kuwa chakula cha watu, mahindi yaliendelea kukopa kwa ndugu zake wa porini.

Msomaji asidhani kwamba mahindi ni maskini. Utajiri uliosalia ni mkubwa ajabu, hata wataalamu husema kwamba mimea miwili ya mahindi yaweza kutofautiana katika jeni zake kuliko mtu na sokwe. Kuna mahindi mafupi yanayokomaa upesi, na marefu yanayokaa shambani miezi mingi. Kuna meupe, manjano, mekundu, na meusi. Lakini utajiri huo umegawanyika katika dunia, na si kila nchi iliyopata fungu sawa.

FUNGU LETU

Wareno waliyaleta mahindi katika pwani za Afrika katika karne ya 16, baada ya Columbus kufika Amerika mwaka wa 1492. Kutoka pwani yetu yalisafiri pole pole kwenda bara, kutoka mkono hata mkono. Karne ya 19 ilipokwisha, yalikuwa yamekwisha kufika Mlima Kenya, lakini yalikuwa chakula cha pembeni tu. Chakula chenyewe kilikuwa mawele, mtama, wimbi, njahi, viazi vikuu na ndizi.

Mahindi hayo ya kale yalikuwa ya rangi mbalimbali katika suke moja: punje nyeupe, nyekundu, zambarau, na za manjano. Wakikuyu huyaita githigu. Punje zake ni ngumu, na wakulima waliyapenda kwa kuwa hukomaa mapema na wadudu hawayaharibu upesi ghalani. Masuke ya mbegu yalitundikwa juu ya moto jikoni, na moshi ukayalinda hata mvua inayofuata.

Baadaye walowezi waliofika mwanzoni mwa karne ya 20 walileta mahindi meupe yenye punje kubwa na laini kutoka Afrika ya Kusini, ambayo asili yake ilikuwa Marekani. Mojawapo iliitwa Hickory King. Mbegu hizo zilichanganyika katika mashamba ya nchi, zikawa aina iliyojulikana kwa jina la Kenya Flat White. Wanunuzi wa ng'ambo walitaka mahindi meupe, yasiyochanganyika rangi. Kwa hiyo bei iliyafuata meupe, na mkulima akaifuata bei.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyoyasaidia mahindi kuyashinda mawele. Mawele na mtama hukaa wazi juu ya bua, na ndege huvila. Zamani watoto walikaa shambani tangu asubuhi hata jioni wakifukuza ndege. Watoto walipoanza kwenda shuleni, nani angeendelea kulinda? Mahindi yamejifunika kwa maganda yake, na ndege hawayapati kwa urahisi. Hivyo ndivyo slate na kalamu zilivyoisaidia nafaka ya kigeni kuchukua mahali pa nafaka ya nyumbani.

Hapa natoa angalizo moja. Mtama una jamaa zake wa porini papa hapa Afrika ya Mashariki. Mtama wa mwituni huota kandokando ya mashamba ya Kenya, na mara nyingine huchanganyika na mtama wa mkulima. Wimbi nalo ni mwenyeji wa nyanda za juu za sehemu hizi. Lakini mahindi yalikuja peke yake. Hapana teosinte katika msitu wa Mlima Kenya wala wa Nyandarua. Mahindi yetu yakipatwa na taabu, hayana mjomba wa kumkimbilia hapa karibu.

MSTARI UPITAO NANYUKI

Mwaka wa 1955 kazi ya kuzalisha mbegu bora za mahindi ilianzishwa Kitale, ikisimamiwa na Bwana Michael Harrison. Walichukua Kenya Flat White, wakachagua iliyo bora katika bora, na mwaka wa 1961 wakatoa mbegu iitwayo Kitale Synthetic II. Lakini waliona kwamba kuchagua ndani ya ukoo mmoja kuna mwisho wake. Ng'ombe wa boma moja wakizaliana siku zote, nguvu hupungua. Hapana budi kuleta damu mpya.

Basi mwishoni mwa miaka ya 1950 Harrison alisafiri kwenda Amerika ya Kilatini, nchi ya asili ya mahindi, akakusanya mbegu za aina nyingi. Kati ya zote moja ilishinda, nayo ni Ecuador 573, mahindi ya milimani ya nchi ya Ecuador.

Kwa nini Ecuador? Msomaji aliyepita Nanyuki ameona kibao kinachoonyesha mstari wa ikweta. Mstari huo huo ndio unaopita Ecuador, na nchi hiyo ilipewa jina lake kwa sababu hiyo. Kule kama hapa, mchana na usiku ni karibu sawa mwaka mzima. Kule kama hapa, wakulima hulima penye miinuko na baridi ya usiku. Mahindi ya Marekani yamezoea siku ndefu za kiangazi, na ya pwani yamezoea joto. Yale ya Ecuador yalipopandwa Kenya yalikuta jua wanalolijua na hewa wanayoijua.

Kitale Synthetic II ikazalishwa pamoja na Ecuador 573, na mwaka wa 1964 wakulima wakapewa mbegu chotara iliyoitwa H611. Mtoto huyo aliwazidi wazazi wake wote wawili. Wakulima wadogo, ambao wengine walidhani hawatapenda mambo mapya, waliipokea mbegu hiyo kwa haraka iliyowashangaza wataalamu. Katika mwaka wa 1965 kazi ya namna hiyo ikaanza Embu kwa ajili ya miteremko ya chini kidogo, ndiko zilikotoka mbegu zinazoanza na tarakimu 5, kama H511. Kule Katumani, Machakos, zikazalishwa mbegu za nchi kavu, zinazokomaa upesi kabla ya mvua kukatika. Ndiyo maana mpaka leo mtu wa Nyeri juu hupanda mbegu za tarakimu 6, zinazokaa shambani miezi sita hadi minane au zaidi. Mtu wa Embu na Meru chini hupanda za 5. Na mtu wa Mbeere au wa sehemu kavu za Kieni hufanya vema kutafuta za muda mfupi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukila ugali wa H611 au wa watoto wake waliofuata, nusu ya baraka hiyo ilitoka kwa wakulima wa milima ya Ecuador, ambao walichagua mbegu zao mwaka hata mwaka bila kujua kwamba siku moja watatulisha sisi.

HATARI YA KUFANANA

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Shamba ambalo mimea yake yote inafanana hupendeza macho, tena huvunwa kwa urahisi. Lakini ugonjwa ukipata njia ya kuingia katika mmea mmoja, umepata njia ya kuingia katika yote. Ni kama nyumba za mji zilizofungwa kwa kufuli za ufunguo mmoja: mwizi akiupata ufunguo huo, mji wote ni wake.

Mwaka wa 1949 kutu ya mahindi iliyotoka Amerika ilionekana Afrika ya Magharibi, na mwaka wa 1952 ikafika kwetu Afrika ya Mashariki. Mahindi ya pwani, ambayo yalikuwa hayajaijua kutu hiyo tangu yalipoletwa na Wareno, yaliugua vibaya. Bwana H. H. Storey na wenziwe wa kituo cha utafiti cha Muguga walitafuta dawa, nayo waliiona ndani ya mbegu za mahindi kutoka Mexico na sehemu za jirani, ambako mahindi na kutu hiyo wameishi pamoja siku nyingi hata mahindi yakajifunza kujilinda.

Mwaka wa 1970 Marekani, nchi yenye wataalamu wengi na mashine nyingi, ilipata pigo. Sehemu kubwa sana ya mbegu chotara za nchi hiyo zilikuwa zimezalishwa kwa kutumia mama wa asili moja tu. Ukungu mmoja ukatokea ambao uliiweza asili hiyo, ukaenea kama moto wa nyika. Taifa zima likapoteza kadiri ya asilimia 15 ya mavuno ya mwaka ule.

Kisha zamu ikawa yetu. Mwezi wa Septemba 2011, huko Bomet, wakulima waliona majani ya mahindi yakigeuka manjano na kukauka kuanzia ukingoni, moyo wa mmea ukifa, na masuke yakitoka matupu. Ulikuwa ugonjwa mpya katika Kenya, unaoletwa na virusi viwili vikikutana ndani ya mmea mmoja. Wakulima wengi wanaujua kwa herufi tatu tu, MLN. Ulienea upesi katika nchi, wala Mlima Kenya haukusalimika. Mbegu zilizokuwa zikiuzwa madukani zilipopimwa, karibu zote zilishindwa. Mama aliyenunua mbegu, akanunua mbolea, akapalilia mara mbili, alivuna mabua ya kulisha ng'ombe, na mara nyingine hata hayo hayakufaa. Karo ya shule iliyotegemea magunia matatu ya mahindi haikuonekana.

Mwaka wa 2013 shirika letu la utafiti wa kilimo na kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano, CIMMYT, walifungua Naivasha mahali pa kuzijaribu mbegu kwa ugonjwa huo. Maelfu ya mbegu yakapandwa na kuambukizwa kwa makusudi. Nyingi zilikufa. Baadhi ya chache zilizosimama imara zilikuwa zimezalishwa katika Chuo Kikuu cha Kasetsart cha nchi ya Thailand. Kwa mara nyingine tena, mahindi ya Kenya yalipougua, dawa ililetwa kutoka mbali, kwa sababu mahali fulani duniani palikuwa na mtu aliyetunza aina ambayo jirani zake hawakuwa nayo.

JAMAA WALIO HAI

Jamaa wa porini nao bado wana kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika milima ya Manantlán huko Mexico, mwanafunzi Rafael Guzmán alipata teosinte ya ajabu, ambayo haifi baada ya mwaka mmoja bali huchipua tena kutoka katika mizizi yake. Ilipochunguzwa ilionekana kuwa inastahimili magonjwa kadha ya virusi. Tena wataalamu wa Afrika ya Magharibi wametumia urithi wake kuzalisha mahindi yanayolishinda gugu la kiduha, lile ambalo Waluo wa Nyanza huliita kayongo, linalonyonya mizizi ya mahindi. Mmea huo ulionekana katika eneo dogo tu la milima. Kama mashamba na malisho ya ng'ombe yangekwisha kuufunika mlima ule mapema zaidi, tungeukosa bila kujua kwamba ulikuwako. Mwaka wa 1987 serikali ya Mexico iliifanya milima hiyo kuwa hifadhi.

Na je, hapa kwetu hapana hata jamaa mmoja? Yuko mmoja, wa mbali kidogo. Katika nchi za chai za Afrika ya Mashariki hupandwa majani marefu mapana yaitwayo majani ya Guatemala, kwa ajili ya kulisha ng'ombe, kushika udongo na kufunika ardhi baina ya michai. Hayo ni ya ukoo wa Tripsacum, ulio karibu na ukoo wa mahindi. Wataalamu waliohesabu kromosomu zake waliona 64, na kati ya hizo 10 zaonekana kuwa zilitoka upande wa teosinte. Lakini hayazai mbegu, hupandwa kwa vipande vya shina tu. Basi ndugu huyo yuko karibu, lakini hana cha kumrithisha mtu.

YATUPASAYO

Kwa kuwa wajomba wa mahindi wako mbali, akiba yetu hapa nyumbani ni ile tuliyorithi kwa bibi zetu, yaani githigu na aina nyingine za kale zilizokaa katika udongo huu vizazi vingi. Aina hizo zimepimwa na ukame wetu, baridi yetu na wadudu wetu. Haziwezi kushindana na mbegu chotara kwa wingi wa magunia. Lakini hapana ajuaye ni jeni gani itakayotakiwa kesho. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Serikali ina hazina ya mbegu huko Muguga, karibu na Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1988, ambamo mbegu za mimea mingi hutunzwa katika baridi kali. CIMMYT nayo ina hazina yake Mexico, yenye sampuli za mahindi kadiri ya 28,000. Hizo ni hazina za maana. Hata hivyo sisi tunaofanya kazi za ofisi twajua kwamba karatasi yenye nakala moja tu, hata ikiwa ndani ya kabati la chuma, haijasalimika. Nakala ya pili ya mbegu ni ile iliyo hai shambani, inayoonja mvua ya kila mwaka na kujifunza mambo mapya. Mbegu iliyo katika baridi imelala. Haijui kwamba mvua za siku hizi hazifiki kwa wakati wake.

Kwa hiyo nashauri mambo haya, ambayo hata mwenye shamba dogo aweza kuyafanya.

Kwanza, mkulima na aendelee kupanda mbegu bora iliyothibitishwa, inayofaa mwinuko wake. Tena asiitunze mbegu chotara kwa kupanda tena. Nguvu ya chotara ni ya kizazi cha kwanza. Watoto wake hutawanyika, wengine wakimfuata babu na wengine bibi, na mavuno hupungua.

Pili, atenge sehemu ndogo kwa githigu. Mahindi huchanganyika kwa upepo, chavua ikitoka kwenye mbelewele ya mmea mmoja na kuangukia ndevu za mwingine. Kutenganisha kwa mita 200 ndiko bora, lakini mashamba yetu ni madogo. Basi apande mwezi mmoja kabla au baada ya mengine, ili yasichanue pamoja, na mbegu aichukue katikati ya kiunga, si ukingoni.

Tatu, achague mbegu wakati mahindi yamesimama shambani, si baada ya kuyarundika uani. Penye rundo suke kubwa huonekana zuri, lakini huwezi kujua kama bua lake lilikuwa gonjwa, au kama lilikua hivyo kwa sababu lilikuwa karibu na samadi.

Nne, asichukue masuke mawili au matatu yaliyo makubwa kuliko yote. Achukue masuke si chini ya 50, na yakiwa 100 ni bora zaidi, kutoka mimea mingi yenye afya, kisha achanganye punje zake. Anayechagua machache mno hulifunga boma lake lisiingize damu nyingine, na baada ya misimu michache mahindi yake yatadhoofika. Asiye na nafasi ya kupanda mengi na ashirikiane na majirani, kila mmoja akileta masuke yake.

Tano, mbegu ya aina ya kale ikiwa imebaki kwa mama mzee fulani kijijini, isiachwe imalizike pamoja naye. Aombwe kwa heshima, aulizwe jina lake, muda wake wa kukomaa na namna ya kuitunza, na habari hiyo iandikwe na kupelekwa kwa afisa wa kilimo.

Methali yasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mahindi tumekwisha kuyapa jembe zamani, nayo yamefanya kazi kuliko wenyeji. Lakini mtu anayemweka mgeni nyumbani mwake hata akawa mmoja wa jamaa, hapana budi ajue kwao ni wapi na ndugu zake ni nani, ili siku ya ugonjwa ajue pa kupeleka habari. Ndugu za mahindi wako katika milima ya Mexico na Ecuador, wako katika kabati za baridi za Muguga, na wengine, wenye punje nyekundu na zambarau, wangali wametundikwa juu ya mafiga katika jiko moja moja huku mlimani. Hawa wa mwisho wako katika mikono yetu.